Mwezi Usio na Ngao (Sehemu ya Pili)

Tarehe 13 Desemba 2022, jijini Washington, Rwanda na Nigeria zilikuwa nchi za kwanza za Afrika kutia saini Mapatano ya Artemis kuhusu safari za Mwezini na matumizi ya rasilimali zake. Vijana ninaokutana nao kwenye maktaba ya umma hapa Kacyiru huniuliza: maji yaliyo miongoni mwa rasilimali hizo za Mwezini yalitoka wapi? Swali zuri, na sehemu ya jibu imo katika upepo wa jua tuliouzungumzia wiki iliyopita, yaani protoni na elektroni zinazosafiri kilomita 400 hivi kwa sekunde.

Dunia huusukuma pembeni upepo huo kwa uga wake wa sumaku. Mwezi hauwezi. Mwaka 1967 chombo cha Marekani, Explorer 35, kilionyesha kwamba upepo haupindi mbele ya Mwezi kama maji ya Nyabarongo yapindavyo mbele ya jiwe. Huugonga na kumezwa na udongo. Nyuma yake hubaki pengo. Elektroni, kwa wepesi wake, hulikimbilia kabla ya protoni, na uso wa upande wa usiku hupata chaji hasi ya hata volti mia kadhaa. Anayeunda mitambo ya kufanya kazi huko hana budi kulizingatia hilo.

Si protoni zote zinazomezwa. Chandrayaan-1, chombo cha India, kiligundua kwamba hadi moja ya tano ya protoni hurudi angani zikiwa haidrojeni isiyo na chaji. Zinazobaki ndizo zenye habari kubwa: hushikamana na oksijeni iliyomo kwenye madini, na chembe za jamii ya maji huzaliwa ndani ya vumbi kavu. Barafu ya ncha za Mwezi ina vyanzo vingine pia, zikiwemo kometi, lakini kiwanda hiki cha Jua hakijafungwa. Hupungua tu kwa siku chache Mwezi unapokuwa mpevu, kwa kuwa hapo hupita ndani ya mkia wa uga wa Dunia.

Pengine miamba yenye usumaku wa kale ya Mwezi hukinga kipande kidogo cha ardhi dhidi ya upepo huo. Wanasayansi wengi wanaona ndiyo sababu eneo la Mwezini liitwalo Reiner Gamma limebaki na michirizi myeupe.

Wiki ijayo twende Mshtarii. Uga wake hubadilika mbele ya mwezi wake Europa kila baada ya saa 11 hivi, na chombo kiitwacho Galileo kilipima uga mwingine, mdogo, ukizaliwa ndani ya Europa kuyajibu mabadiliko hayo. Barafu haipitishi umeme wa kutosha kufanya hivyo. Maji ya chumvi hupitisha.