Mount Eerie: Albamu iliyorekodiwa ndani ya chumba cha marehemu

Geneviève Castrée, mchoraji na mwimbaji mwenye asili ya Québec, alifariki mwezi wa 7 mwaka 2016 kwa kansa ya kongosho. Alikuwa na miaka 35, na mtoto wake hakuwa amefikisha hata miaka 2.

Kwetu majirani wanajaa kwenye matanga. Bwana yake, Mmarekani Phil Elverum anayeitwa Mount Eerie, alijifungia ndani ya chumba alimofia bibi yake, akashika vyombo vya marehemu na kurekodi A Crow Looked at Me, iliyotoka mwezi wa 3 mwaka 2017.

Anaimba polepole, kama mtu anayeongea. Wimbo wa kwanza unasimulia kifurushi kilichofika juma moja kisha kifo: begi la shule ambalo mama alikuwa amemuagizia mtoto kwa siri.