Nihame au nibaki? Mwandishi na tarakilishi yake kuukuu

Jumanne ya tarehe 14 Oktoba 2025 ilinikuta nimeketi kwenye meza ya chakula nyumbani kwangu Kawangware, meza ambayo ndiyo afisi yangu pia, nikihangaika na sura ya sita ya kitabu cha watoto. Nje makanga wa matatu za nambari 46 walikuwa wakigombania abiria, na jirani alikuwa amefungua redio kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. Nikiwa katikati ya sentensi, ujumbe ukajitokeza kwenye kioo cha mashine. Ulisema kwamba kuanzia siku hiyo Windows 10 haitapata tena marekebisho ya usalama bila malipo.

Naam, mimi si mtaalamu wa mitambo. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kuingilia uandishi, na hata leo huandika sura ya kwanza kwa kalamu. Lakini miswada yangu yote iko ndani ya kipakatalishi hiki nilichokinunua mwaka 2019 kikiwa tayari kimetumika. Wachapishaji hawapokei tena karatasi. Mashine ikinifia, mlo wa nyumba yangu umekufa nayo.

Kwa wale ambao, kama mimi wakati ule, hawajui tofauti ya Windows na Word, nitalieleza jambo hili kwa lugha ya mitaani kwetu. Fikiria ploti ya vyumba vya kupanga. Word, na ile programu ya kufungulia intaneti, ni wapangaji. Windows ndiye msimamizi wa ploti: anafungua lango asubuhi, anagawa maji, anaamua nani apewe chumba kipi, na kufuli ikiharibika anaitengeneza. Windows 10 ilianza kazi hiyo tarehe 29 Julai 2015. Miaka kumi baadaye mwajiri wake, kampuni ya Microsoft, akamstaafisha. Ploti haikubomolewa siku hiyo, na taa ziliendelea kuwaka. Ila kufuli ikiharibika sasa, hakuna wa kuitengeneza, na wezi wanajua.

NJIA ZILIZOKUWEPO

Microsoft ilikuwa na mfumo mpya, Windows 11, ambao ulitoka Oktoba 2021 na ulitolewa bure kwa wenye Windows 10 halali. Shida ni masharti yake. Mashine lazima iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na kama prosesa yake, yaani ubongo wake, ni ya Intel, kwa kawaida iwe ya kizazi cha 8 au baada ya hapo. Yangu ni ya kizazi cha 6. Nilipoipima, jibu lilikuja kwa adabu lakini bila huruma: haifai.

Njia ya pili ilikuwa kununua mashine nyingine. Muuzaji mmoja katikati ya jiji alinionyesha iliyotumika, akataka shilingi 38,000. Nilimshukuru nikaondoka, kwa maana mrabaha wangu wa mwaka ule ulikuwa umekwisha kuahidiwa karo ya binti yangu aliyekuwa Kidato cha Tatu.

Ya tatu ilikuwa kuomba muda. Microsoft iliwapa watu binafsi mwaka mmoja wa nyongeza, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila kulipa pesa taslimu kwa wale waliokubali kuhifadhi mipangilio ya mashine zao kwenye akaunti ya kampuni hiyo. Njia hii ilinivutia mno. Nani asiyependa kusogeza mbele jambo gumu? Nusura niifuate, kama si swali la binti yangu.

SWALI LA MEZANI

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimerudi nyumbani nikifoka. Nilikuwa nimekuta kitabu changu kikiuzwa kando ya barabara kwa bei ya chini, kimetolewa fotokopi, kurasa mbili zimepinda na jina langu kwenye jalada limekatwa nusu. Nilizozana na muuzaji hadi watu wakajaa. Usiku ule niliwahutubia wa nyumbani juu ya wezi wa jasho la waandishi. Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole:

"Baba, na hii Word yetu tuliinunua wapi?"

Sikuwa na jibu. Tuliwekewa. Fundi mmoja alichukua shilingi 500, akaingiza diski yake, na kwa nusu saa nikawa na kila kitu. Word yangu ilikuwa fotokopi ya barabarani, tena mbaya zaidi, kwa sababu mimi nilijua.

Nilipoulizia zaidi nikakuta jambo lililonikata maini. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta katika fungu la kazi za maandishi, fungu lilelile la riwaya na hadithi. Kwa macho ya sheria, aliyeandika Word na mimi niliyeandika hadithi za sungura tunaketi benchi moja. Najua wapo watakaosema kampuni tajiri haitaumia kwa shilingi 500 za Kawangware. Huenda ni kweli. Lakini yule muuzaji wa kando ya barabara naye aliniambia maneno hayohayo: kwamba mwandishi aliyechapishwa hawezi kukosa pesa.

Hapo nikakumbuka kijana mmoja niliyemfundisha darasa la saba, ambaye sasa ana kibanda cha kutengeneza kompyuta Makina, Kibera.

KUVUKA NGONG ROAD

Kutoka kwetu hadi Kibera si mbali. Nilivuka Ngong Road, nikapita kando ya Soko la Toi penye milima ya mitumba, nikateremka hadi Makina, kwenye mitaa ya kale ya Wanubi. Kibanda chake kina upana wa hatua tatu, na kuta zimefunikwa kwa matumbo ya mashine.

"Karibu, Mwalimu," akasema, akanifutia kiti. Nilimweleza yote, hata ile aibu ya Word. Hakucheka. Aliniuliza tu kama niliwahi kusikia habari za Linux.

Nilikuwa nimesikia, nikidhani ni kitu cha wanafunzi wa chuo kikuu wasiolala. Kijana akanieleza kwamba Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland, aliyekuwa na umri wa miaka 21. Mwaka uliofuata kazi hiyo iliwekwa chini ya leseni iitwayo GPL, na leseni hiyo ndiyo iliyonishika mimi mwandishi. Haitupilii mbali hakimiliki. Inaitumia, lakini kinyumenyume: mwenye kazi anasema, mimi ndiye mwandishi, na kwa haki yangu nakuruhusu unakili, ubadilishe na umpe mwenzako, mradi ukiwapa wengine uwaachie ruhusa hiyohiyo. Nilimwomba arudie mara mbili.

Juu ya msingi huo watu wengi wamejenga mifumo yao. Mmoja ni Ubuntu, uliotolewa Oktoba 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule tajiri aliyekwenda anga za juu mwaka 2002. Jina lenyewe halihitaji kamusi kwetu, maana ni utu uleule. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, kampuni hiyo ilituma diski za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba.

"Na hapa Kibera nani anatumia vitu hivi vya bure?" nikauliza, nusu kwa dharau.

Akanikumbusha Map Kibera. Hadi mwaka 2009 ramani za intaneti zilionyesha Kibera kama kipande kitupu, kana kwamba hapakuwa na mtu. Mwaka ule vijana wa vijiji vyake walizunguka na vifaa vya GPS wakirekodi njia, zahanati, shule, vyoo na mabomba ya maji, wakaviweka kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha bila kulipa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Wakenya walikuwa wametengeneza Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za raia kwenye ramani, wakaiachia dunia nzima ruhusa ya kuitumia. Nilinyamaza. Wanangu wa Kibera walikuwa wamenitangulia kwa miaka 16.

MAJARIBIO

Kijana hakuniruhusu niamue palepale. Kwanza alinakili miswada yangu yote kwenye diski mbili tofauti, moja nikae nayo nyumbani, nyingine nimpe ndugu yangu. Kisha akachomeka flashi yenye Linux Mint, mfumo wa ukoo wa Ubuntu, wa aina nyepesi inayofaa mashine yenye kumbukumbu ya GB 4 kama yangu. Ukiwaka kutoka kwenye flashi haugusi kitu ndani ya mashine. Ukichoka nao unachomoa, unarudi kwenye Windows yako.

Nilifungua mswada wangu kwa LibreOffice, programu ya kuandikia inayokuja na mfumo huo. Moyo ulishtuka. Kurasa 96 zilikuwa zimegeuka 103, na picha ya sungura ilikuwa imeruka hadi kwa fisi. Kumbe hadithi zangu huziandika kwa herufi za Comic Sans, ambazo watoto wanazipenda na wahariri wanazichukia, na herufi hizo hazikuwemo. Zipo kwenye furushi la herufi ambalo Microsoft yenyewe iliruhusu lisambazwe. Zilipopakuliwa na kuwekwa, sungura alirudi kwake. Maoni ya mhariri wangu pembeni mwa kurasa yalikuwepo yote, hata lile alilouliza kwa nini kobe amezungumza Kiingereza.

Jambo jingine lilinifurahisha. Kwa miaka yote mashine yangu ilikuwa ikipiga mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili, ukurasa ukawa kama daftari la mwanafunzi aliyefeli. Haki itendeke: Word nayo inaweza kuwekewa ukaguzi wa tahajia ya Kiswahili, ila yangu ya magendo haikuwa nao. Kijana aliiwashia LibreOffice kamusi yake ya Kiswahili, na mistari ikapungua, ikabaki kwenye makosa yangu halisi na maneno machache ya Sheng. Kazi ya kuisemesha kompyuta Kiswahili ina historia yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004, na LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutoka kwa OpenOffice hiyohiyo.

Nisije nikaonekana mpiga debe. Printa yangu ilikataa kwa saa mbili nzima kabla ya kukubali. Diski ya marudio ya mitihani ya binti yangu, iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee, haikufunguka kabisa, na yeye ndiye aliyekuwa akielekea Kidato cha Nne. Kwa upande wa kodi nilikuwa na hofu ya ile fomu ya Excel, lakini kwa miaka mingi KRA imetoa pia fomu ya aina ya ODS, ambayo LibreOffice inaifungua.

Kuna pia suala la virusi. Mwaka 2017, kwenye mashine niliyokuwa nayo kabla ya hii, nilipeleka flashi kwenye saiba moja kuchapisha kurasa kumi, nikarudi nyumbani na mafaili yaliyogeuka kuwa vivuli. Sura mbili za riwaya zilipotea, na riwaya ile sijaimaliza hadi leo. Linux nayo ina maradhi yake na inahitaji marekebisho kama nyingine, lakini virusi vya aina ile, vilivyotengenezwa kwa ajili ya Windows, kwa kawaida haviwezi kuwaka ndani yake.

Nilikaa na flashi ile siku tisa. Siku ya kumi nilirudi Makina.

Tulikubaliana hivi. Mashine igawanywe. Sehemu kubwa ichukuliwe na Linux Mint, toleo ambalo marekebisho yake yameahidiwa hadi 2029, na humo ndimo nitakamoandikia na kufungulia barua za wachapishaji. Sehemu ndogo ibaki Windows kwa ajili ya marudio ya binti yangu, ikatwe intaneti, na ile Word ing'olewe. Nilipouliza gharama, kijana alisema shilingi 1,000.

"Si ulisema ni bure?"

"Programu ni bure, Mwalimu. Mimi si bure."

Nilimlipa, na mkono haukuwa mzito.

Mswada niliutuma tarehe 12 Desemba, siku tatu kabla ya muda kwisha. Mhariri hakugundua lolote, alilalamika tu juu ya Comic Sans kama kawaida yake. Binti yangu sasa huandikia insha zake upande wa Linux, anasema unawaka haraka. Kijana wa Makina ameniuliza mara mbili lini atakuja kuifuta ile Windows iliyobaki. Nimemwambia asubiri mtoto amalize mtihani wake.