Mzabibu wa Santorini na Mgomba wa Mlola

Zabibu adimu mara nyingi huwa haijapotea. Imekosa kazi tu. Mavrotragano, zabibu nyekundu ya kisiwa cha Santorini huko Ugiriki, wenyeji waliijua vizuri: punje ndogo, ganda gumu, mavuno haba. Mashamba yalijaa Assyrtiko, zabibu nyeupe, na ile nyekundu ikabakiziwa vipande vya kutosha mvinyo mtamu wa nyumbani. Miaka ya 1990 Paris Sigalas na Haridimos Hatzidakis wakaikamua mvinyo mkavu, wanunuzi wakaupenda, nayo ikaanza kupandwa upya. Kule matawi ya mzabibu husokotwa chini, duara juu ya duara, mfano wa kata ya kubebea ndoo, na vichala hukaa humo ndani visichapwe na upepo wa bahari. Kazi hiyo ni ya mikono na ya kila mwaka; hakuna anayeifanya kwa ajili ya kumbukumbu tupu.

Mzabibu hupandwa kwa kipande cha tawi. Ukipanda mbegu yake unapata mmea mwingine, wenye tabia zake. Mgomba nao huendelezwa kwa chipukizi, na hapo ndipo Mlola, katika milima ya Usambara, inapoingia. Usambara ni miongoni mwa makao ya mchare, ndizi ya Afrika Mashariki ambayo, kwa uchunguzi wa vinasaba, ina undugu wa karibu na mzazi mmoja wa Cavendish, ndizi ya kawaida katika maduka ya Ulaya. Chipukizi likikosa wa kulihamisha, ukoo mzima unaishia kwenye shina moja lililozeeka.

Yupo atakayesema maabara zinatosha: Leuven, Ubelgiji, zimehifadhiwa aina zaidi ya 1,500 za migomba ndani ya vichupa. Hifadhi hiyo ni ya lazima, hasa kwa kuwa mchare hushambuliwa na mnyauko. Lakini kichupa hakijui ndizi ikatwe ikiwa changa kiasi gani ili isiharibu mchuzi. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mkulima mwenye robo eka hawezi kutunza mgomba kwa huruma. Ni kweli kabisa, na mkulima wa Santorini hakuwa na huruma zaidi yake. Alikuwa na pipa la mvinyo mtamu. Uchagani mchare una mtori, supu ya ndizi, ndiyo maana hauhitaji mtetezi. Kwa hiyo, tukianza kuorodhesha migomba ya Mlola, za kwanza ziwe ndizi ambazo sasa zinapikwa katika nyumba mbili tatu tu, na wa kuulizwa ni kina mama wa nyumba hizo, kabla sampuli yoyote haijakatwa kupelekwa maabara.