Kinole: Darasa la Mirathi Mlimani

Wazazi wenye vijana katika vyuo vya Morogoro huuliza swali moja kila muhula: mwisho wa juma mwanangu huwa wapi? Ni swali la haki. Tangu Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilipofunguliwa mwaka 2005, katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, mji huu umepokea vijana wengi kutoka pwani, visiwani na bara, mbali na wale wanaosoma Sokoine na Mzumbe. Milima ya Uluguru wanaiona kila watokapo katika Swala ya Alfajiri. Wapo wanaohitimu bila ya kuikanyaga.

Ndugu msomaji, tumchukue mwanafunzi wa sharia aliyealikwa na mwenzake kwenda kwao Kinole, kijiji cha mteremko wa mashariki wa milima hiyo. Aondoke baada ya Swala ya Ijumaa, kwani katika madhehebu ya Imamu Shafi mwenye kuwajibikiwa na Ijumaa haifai kuanza safari baada ya Alfajiri ya siku hiyo, ikiwa safari itamkosesha Swala. Njia ni ya Bigwa na Kiroka, kisha gari huiacha barabara ya Kisaki na kuanza kupanda. Vijana hupenda kuuliza kama huko watapunguza Swala. Hapana. Masafa ya kupunguza, kwa hesabu za wanazuoni wetu, ni kilomita 80 na zaidi, na Kinole ni karibu kuliko hapo. Maji ya kutawadhia yana baridi kweli, lakini baridi isiyodhuru haihalalishi tayamamu.

Upande huu ndio unaopokea mvua itokayo Bahari ya Hindi. Kuna ndizi, mananasi, mdalasini, iliki, pilipili manga na karafuu. Kijana wa Pemba aliyedhani karafuu ni ya kwao peke yao atanyamaza kidogo. Juu ya mashamba uko msitu wa hifadhi wenye zaidi ya hekta 24,000, uliopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na haufai kuingiwa bila kibali. Mito inayoshuka huku huujaza Ruvu, na Ruvu ndiyo inayowanywesha wakazi wengi wa Dar es Salaam. Mzazi anayesoma ukurasa huu akiwa Temeke, huenda bilauri iliyo mkononi mwake imetoka huko.

Adabu za ugeni kijana amezisoma. Mtume (S.A.W.) ameiweka haki ya mgeni kuwa ni siku tatu, na akamkataza mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Siku mbili zinatosha. Achukue sukari na sabuni, asiende mikono mitupu. Binti naye aende, ila pamoja na wenzake, katika nyumba inayojulikana na kwa idhini ya wazazi.

Darasa lenyewe huanza jioni, pale wazee watakapomuuliza anasomea nini, naye ajibu kwa fahari kwamba anasomea mirathi. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Hata cheo cha Kingalu, kiongozi wa jadi wa Kinole ambaye jina lake limefungamana na habari za mvua, hupita katika ukoo wa mama. Ardhi, kwa desturi, ni ya ukoo huo. Mume hulima kwa upande wa mkewe bila ya kuimiliki. Basi mzee akiuliza: baba akifa na kuacha karafuu alizozipanda katika ardhi ya ukoo wa mkewe, watoto wa mke mwingine wanapata nini?

Hapo daftari halisaidii sana. Wapo vijana wetu ambao wangekimbilia kusema kuwa desturi nzima ni batili, wakalala usingizi mzuri. Fikhi haitaki haraka hiyo. Aya za mafungu katika Suratun Nisaa zinagawa alichokiacha maiti, baada ya deni na wasia. Kabla ya kugawa lazima ijulikane nini kilikuwa chake. Ardhi aliyopewa alime tu haikuwa milki yake, hivyo haiingii katika mirathi. Miti aliyoipanda kwa jasho lake na kwa idhini ya wenye ardhi, je? Mkarafuu hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kisha huishi kuliko aliyeupanda. Ndiyo maana katika Uluguru ruhusa ya kulima mahindi na ruhusa ya kupanda miti ya kudumu ni mambo mawili, na wenye ardhi huitoa ya pili kwa uzito. Juu ya hayo iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayoikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi na kulinda haki ya mwanamke kumiliki.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi asitoe fatwa usiku ule. Aulize: idhini ilitolewa na nani, mbele ya mashahidi gani, ya kulima au ya kupanda? Asubuhi ya Jumamosi aombe kuonyeshwa mikarafuu yenyewe na mipaka yake, ayaandike majibu, kisha Jumatatu ayapeleke kwa mwalimu wake. Wazee wale watataka kujua amejibiwa nini, na itambidi apande tena.