Ukinunua mchezo wa video, je, ni wako kweli?

ANAYENUNUA kitabu dukani hahitaji kumwomba mchapishaji ruhusa kila anapotaka kukisoma. Hata kampuni iliyokichapisha ikifilisika, kitabu kitasalia kwenye rafu yake. Si hivyo kwa michezo mingi ya video inayouzwa siku hizi.

Michezo hiyo haichezeki pasipo intaneti, hata kama mchezaji yuko peke yake chumbani. Kila unapofunguliwa, mchezo huwasiliana kwanza na seva, yaani tarakilishi za kampuni iliyoutoa, ili kuthibitisha kwamba nakala hiyo ililipiwa. Katika baadhi ya michezo, sehemu ya programu yenyewe na kumbukumbu za hatua alizofikia mchezaji huwekwa huko huko kwenye seva. Mawasiliano yakikatika, mchezo husimama.

Kampuni husema lengo ni kuzuia nakala haramu. Hoja hiyo ina uzito, kwani mchezo mkubwa hugharimu mamilioni ya dola kuutengeneza. Hata hivyo, anayeumia mara nyingi ni yule aliyelipa.

Machi 2010, kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa iliweka kinga hiyo katika mchezo wa Assassin's Creed II wa tarakilishi. Muda si mrefu seva zake zikashambuliwa, na baadhi ya wanunuzi halali wakafungiwa nje. Mei 2012, seva za Diablo III zililemewa na wingi wa wachezaji, na malalamiko ya wateja wa Korea Kusini yakafanya tume ya biashara ya nchi hiyo kupekua ofisi za kampuni ya Blizzard jijini Seoul.

Hayo yalikuwa matatizo ya muda. Swali zito zaidi ni hili: kampuni ikiamua kuzima seva kabisa, mnunuzi hubaki na nini?

Jibu lilipatikana kupitia The Crew, mchezo wa mbio za magari uliotolewa na Ubisoft Desemba 2014. Desemba 2023 uliondolewa sokoni, na Machi 31, 2024, seva zake zikazimwa. Kampuni ilitaja vikwazo vya mitambo na vya leseni. Mchezo haukuchezeka tena, hata kwa aliyekuwa na diski mkononi. Mwezi uliofuata, baadhi ya wanunuzi walikuta leseni zao zimefutwa kwenye akaunti zao.

Kisheria, kampuni hujitetea kwamba haikuuza mchezo bali ruhusa ya kuutumia, na kwamba masharti hayo yaliandikwa katika mkataba ambao mteja aliukubali. Lakini kitufe alichobonyeza mteja huyo kilisema "nunua", wala hakikusema "kodi". Aidha, hakuambiwa ruhusa hiyo ingedumu kwa muda gani. Anayekodi nyumba hujua kodi yake inaishia lini. Mnunuzi wa mchezo hajui.

Jimbo la California nchini Marekani limelishughulikia suala hilo la lugha. Kwa mujibu wa sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2025, muuzaji wa bidhaa za kidijitali haruhusiwi kutumia maneno kama "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni tu. Bidhaa zinazoweza kupakuliwa na kutumika daima bila intaneti haziguswi na sharti hilo. Hata hivyo, sheria hiyo haizuii mchezo kuzimwa.

Barani Ulaya madai yamekwenda mbali zaidi. Kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Mmarekani Ross Scott mwaka 2024, ilizaa ombi la raia wa Muungano wa Ulaya ambalo kufikia Julai 2025 lilikuwa limetiwa saini zaidi ya milioni 1. Halidai seva ziwashwe milele. Linadai kwamba kampuni inapojiondoa, iuache mchezo katika hali ya kuchezeka. Ombi lililotimiza idadi hiyo huilazimu Tume ya Ulaya kulijibu, ingawa haliilazimu kutunga sheria.

Muungano wa kampuni za michezo, Video Games Europe, umepinga ukisema sharti hilo lingeongeza mno gharama za kutengeneza baadhi ya michezo, na kwamba seva zikiendeshwa na watu binafsi, usalama wa wachezaji utakuwa mashakani.

Lakini mifano ipo kwamba jambo hilo linawezekana. SimCity, uliotolewa Machi 2013 ukihitaji intaneti wakati wote, uliwezeshwa kuchezwa bila intaneti Machi 2014. Ubisoft nayo ilitangaza Septemba 2024 kwamba The Crew 2 ungewekewa njia kama hiyo.

Nchini Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Kwa hivyo kabla ya kulipa, mnunuzi na aulize: je, mchezo huu hufunguka bila intaneti? Je, utachezeka seva zikizimwa?

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Muuzaji ana wajibu wa kumwambia mteja mapema kwamba nguo anayoilipia ni ya kuazima.