Muziki wa Piano kwa Mgonjwa Asiyelala

Wale wa Lamadi wanaujua usiku wa kwetu. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapita katikati, na hapo hapo inachepuka ile ya Bariadi. Malori hayalali, mabasi yanapiga honi, na vilabu vya pombe vinashindana kwa spika. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1999 kwamba kelele ndani ya wodi usiku zisizidi desibeli 30, yaani kama mnong'ono. Sisi wauguzi tukisoma hayo tunacheka tu.

Usiku mmoja tulimpokea mama mwenye mimba ya miezi minane. Presha yake ilikuwa 170 kwa 110. Dawa aliandikiwa, tukampa. Lakini alikuwa akitetemeka, maana dada yake alifariki kwa kifafa cha mimba, na kila honi ilimshtua upya. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa zamu pamoja nasi akamwuliza, "Mama, nikuwekee muziki kidogo kwenye simu?" Nusura tumkataze, tukidhani ni ile ya kuchezea harusini. Kumbe ilikuwa piano peke yake, ndugu wa kinanda chetu cha kanisani, ikipigwa polepole, bila maneno wala ngoma. Baada ya muda mabega ya yule mama yalishuka, pumzi ikawa ndefu, akasinzia.

Tulipouliza mpigaji ni nani, tuliambiwa ni mtawa wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Alizaliwa Addis Ababa mwaka 1923, akasomea muziki Uswisi akiwa mtoto. Mwaka 1937, Waitalia walipoitawala nchi yake, yeye na jamaa zake walipelekwa Italia kama wafungwa. Baadaye alijifunza tena muziki Cairo, kisha akaingia utawa kwenye mlima wa Gishen, ambako aliishi miaka kama 10. Santuri yake ya kwanza ilitoka Ujerumani, na mapato yalikuwa ya kuwasaidia yatima. Alifariki Yerusalemu Machi 2023, akiwa na miaka 99. Mtu aliyepita kifungoni na bado akapiga kwa upole namna ile, sisi tunamsikiliza kwa heshima.

Wapo wengine wa siku hizi wenye mtindo wa kutuliza. Mwitaliano Ludovico Einaudi alitoa mwaka 1996 santuri iitwayo Le Onde, yaani "Mawimbi". Wanaolala karibu na ziwa wataelewa haraka.

Sasa tuungame kosa letu. Kwa kuwa mama alikuwa ametulia, saa ya kumpima presha ilipofika tulisema, "Mwacheni apumzike." Aliamka akilalamika kichwa kinapasuka na macho yanaona ukungu. Presha ilikuwa imefika 180 kwa 120! Tulikimbia na sindano ya magnesiamu, daktari akaamshwa, na alfajiri akapasuliwa. Mama na mtoto walipona, lakini ile saa tuliyoiacha ipite hatujaisahau.

Muziki ulikuwa umeondoa hofu tu. Presha ya mimba chanzo chake ni kondo la nyuma, nalo halisikii piano. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2013, uliokusanya tafiti 26 za wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokuwa wakisubiri upasuaji, ulionyesha kwamba muziki huwapunguzia wasiwasi, lakini kwa presha nafuu ilikuwa ndogo. Kwa hiyo, mama mjamzito akiumwa sana kichwa, akiona ukungu, akivimba uso na mikono, au akiumwa chini ya mbavu, apelekwe hospitali usiku huohuo, hata kama ametulia kabisa. Na dawa ya presha ya baba au bibi nyumbani isiachwe kwa sababu siku hizi analala vizuri.

Mkitaka kujaribu nyumbani, wekeni sauti ya chini kiasi kwamba mtu akinong'ona bado asikike. Dakika 20 au 30 kabla ya kulala zinatosha. Simu ikae mbali na kichwa cha mtoto, na vile vidude vya masikioni msimwekee mtoto mchanga kamwe.

Na mwulizeni mgonjwa kwanza. Sisi tulisahau kumwuliza mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akisubiri kupasuliwa ngiri. Alisikiliza kidogo, akakunja uso. "Nesi," akasema, "huyu anatafuta kitu gizani na hakipati." Tukamwuliza yeye angependa nini. Akataka ngoma ya bugobogobo, ile ya wakati wa kulima! Yule mwanafunzi aliitafuta, tukaipunguza sauti hadi ikawa kama inatoka kijiji cha pili. Mzee alipiga vidole kwenye blanketi kwa muda, kisha vidole vikanyamaza. Safari hii presha tulimpima kwa saa yake.