Mnyama wa Fungurume na kwato zake

Mwishoni mwa mwaka 1919, gazeti la The Times la London lilichapa habari ya kutisha kutoka kwetu Katanga. Mzungu aitwaye Lepage, aliyesemekana kusimamia ujenzi wa reli, alidai kushambuliwa porini na mnyama wa futi 24, yaani zaidi ya mita saba: mdomo umechongoka, pembe fupi juu ya pua, nundu yenye magamba, kwato za mbele kama za farasi, za nyuma zimepasuka. Kisha, likaeleza gazeti, mnyama akavamia kijiji cha Fungurume, kwenye reli ya Likasi kwenda Bukama, akabomoa nyumba na kuua watu. Ikasemwa ni dinosau aliyebaki.

Kwato hizo peke yake zinatosha kuikataa habari hiyo. Farasi husimama juu ya kidole kimoja, ng'ombe na swala juu ya viwili. Ni koo zilizotengana makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, na hajapatikana mnyama, hai au wa visukuku, mwenye kwato za farasi mbele na zilizopasuka nyuma. Halafu reli ilikuwa imeshafika Bukama mwaka 1918. Kijiji kilichobomolewa kando yake kingeonwa na kila dereva wa treni. Mwaka 1920 Wentworth Gray, wa msafara wa Smithsonian uliokuwa Afrika, aliliandikia gazeti lilelile kwamba habari hiyo ilikuwa mzaha. Tena jina la Gapelle, aliyetajwa kuwa shahidi wa pili, ni herufi za Lepage zilizopanguliwa na kuongezwa L.

Wako watakaouliza: mbona okapi naye hakujulikana Ulaya hadi 1901? Kweli, lakini Wambuti wa Ituri walimjua siku zote, na Harry Johnston alipata kwanza vipande vya ngozi yenye milia, kisha ngozi nzima na mafuvu mawili. Habari ya Fungurume haina mfupa, wala mwanakijiji hata mmoja aliyepewa nafasi ya kusema. Wanakijiji wametajwa kama maiti tu, na hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Anayesema leo ameona dude kubwa kwenye mto Lufira asichekwe. Kiboko wa tani moja na nusu hutoka majini usiku kula majani, naye huua. Aulizwe alipoliona, watu waende asubuhi kutazama matope: kiboko huacha alama ya vidole vinne vilivyotanuka, mamba huacha mburuzo wa mkia.